Vijana wamejaa kwenye intaneti, lakini anayelipa ni nani?

IMEKUWA kawaida katika miaka ya karibuni kwa kila anayetafuta mtaji kuja na hesabu moja: vijana ni wengi, vijana wako kwenye intaneti, kwa hiyo biashara inayowalenga vijana wa intaneti haiwezi kukosa faida. Hesabu hiyo imo katika maandiko ya miradi yanayopelekwa benki. Inatajwa na wanaouza hisa. Imefika hata Kariakoo, ambako mwenye duka la vitenge anashauriwa na mpwa wake aachane na tangazo la redio, fedha hizo ampe kijana mwenye wafuasi laki mbili.

Nusu ya kwanza ya hesabu hiyo ni kweli. Kwa mujibu wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, mwaka 2023 asilimia 79 ya watu duniani wenye umri wa miaka 15 hadi 24 walikuwa wanatumia intaneti, wakati kwa watu wa umri mwingine wote ilikuwa asilimia 65. Vijana wanaongoza, na hilo halina mjadala.

Nusu ya pili ndiyo yenye kasoro. Kujaa mahali ni jambo moja, na kununua mahali hapo ni jambo jingine. Mfanyabiashara wa sokoni analijua hilo tangu zamani: watu wanaopita mbele ya meza yake asubuhi si wote wateja, na wanaogusagusa bidhaa mara nyingi sio wanaofungua pochi. Ajabu ni kwamba mfanyabiashara huyo huyo, akishaonyeshwa takwimu za intaneti, husahau alichojifunza sokoni.

Laini moja si mtu mmoja

Kosa la kwanza liko katika kuhesabu. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zilionyesha kuwa mwishoni mwa mwaka 2023 nchi ilikuwa na laini za simu zaidi ya milioni 70, na kati ya hizo zilizotumia intaneti zilizidi milioni 35. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120 tu, na zaidi ya asilimia 40 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 15.

Kwa maneno mengine, laini ni nyingi kuliko watu, hata ukiwahesabu na watoto wachanga. Sababu yake inajulikana na kila mtu. Mtu mmoja ana laini mbili au tatu: moja kwa sababu bando lake ni nafuu, nyingine kwa ajili ya kupokea fedha, na ya tatu kwa sababu ndiyo yenye mawimbi kijijini kwao. Laini ya mtoto wa sekondari husajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi, hivyo umri ulioandikwa katika usajili unaweza kuwa wa baba wa miaka 50 wakati anayetazama video usiku kucha ni binti yake wa miaka 16. Kinyume chake pia kipo. Bibi anayeonyeshwa picha za harusi kwenye simu ya mjukuu wake hahesabiwi popote, ingawa pengine ndiye aliyetoa mchango mkubwa kuliko wote katika harusi hiyo.

Kwa mantiki hiyo, andiko lolote la mradi linalosema "soko letu ni watumiaji milioni 35" limehesabu laini. Halijahesabu vichwa, wala halijagusa pochi.

Kenya walifanya jambo la manufaa katika sensa yao ya mwaka 2019, kwa kuwauliza watu wenyewe. Waliokuwa wanatumia intaneti walikuwa asilimia 22.6 ya watu wote wenye umri wa miaka 3 na kuendelea. Lakini waliokuwa wametafuta na kununua bidhaa au huduma kwa njia hiyo walikuwa asilimia 4.3 tu ya wenye miaka 15 na zaidi. Ingawa makundi hayo mawili ya umri hayalingani moja kwa moja, tofauti kati ya kutazama na kununua inaonekana wazi, na mradi wowote wa kuuza kwa intaneti unapaswa kueleza utaivukaje.

Daftari la Marekani

Anayetaka kuona jinsi umri unavyobadilisha matumizi ya intaneti kwa miaka mingi hana budi kuangalia Marekani, ambako taasisi ya utafiti ya Pew imekuwa ikiuliza maswali hayo kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2000, asilimia 70 ya Wamarekani wenye umri wa miaka 18 hadi 29 walikuwa wanatumia intaneti. Kwa wenye miaka 50 hadi 64 ilikuwa asilimia 46, na kwa wazee wa miaka 65 na zaidi asilimia 14 tu. Ilipofika mwaka 2021, vijana walikuwa asilimia 99, wenye miaka 50 hadi 64 asilimia 96, na wazee asilimia 75.

Ndani ya namba hizo mna mambo mawili, na yafaa kuyatenganisha. La kwanza ni kwamba watu huzeeka na intaneti yao. Mtu aliyekuwa na miaka 50 mwaka 2000, akiwa ofisini na kompyuta yake, mwaka 2021 alikuwa na miaka 71. Hakuiacha intaneti alipostaafu. Alihama nayo kutoka kundi moja la umri kwenda jingine. La pili ni kwamba wazee nao wamejifunza. Wazee wa mwaka 2021 ndio waliokuwa na miaka 44 au zaidi mwaka 2000, na wakati huo wengi wa rika lao walikuwa bado nje. Kufika asilimia 75 kunaonyesha kwamba wengine waliingia wakiwa tayari na mvi.

Hivyo basi, pengo kati ya vijana na wazee linaendelea kuziba lenyewe kila mwaka. Tofauti inayobaki ni ya kitu gani mtu anafanya akishaingia. Mwaka 2023, kwa mujibu wa Pew, asilimia 62 ya Wamarekani wa miaka 18 hadi 29 walitumia TikTok, lakini kwa wenye miaka 65 na zaidi ilikuwa asilimia 10 tu. Katika Facebook mambo yalikuwa tofauti kabisa: zaidi ya nusu ya wazee hao walikuwemo.

Kisa cha kampuni mbili

Facebook ilianza mwaka 2004 kama mtandao wa wanafunzi wa chuo kikuu, na mwaka 2006 ikafungua mlango kwa yeyote mwenye umri wa miaka 13 na kuendelea. Wazazi wakaingia, kisha shangazi na wajomba, halafu mababu. Vijana wakaanza kutoka. Mwaka 2015 vijana wa Marekani wa miaka 13 hadi 17 waliosema wanatumia Facebook walikuwa asilimia 71. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 32.

Soko la hisa lilishtuka. Mapema Februari 2022 kampuni hiyo, ambayo ilikuwa imebadili jina kuwa Meta miezi michache kabla, ilitangaza kwamba idadi ya watu wanaofungua Facebook kila siku ilikuwa imepungua kidogo kwa mara ya kwanza. Siku iliyofuata hisa iliporomoka kwa asilimia 26, na thamani ya zaidi ya dola bilioni 230 ikayeyuka. Sababu hazikuwa vijana peke yao. Kampuni ya Apple ilikuwa imebadili taratibu za faragha katika simu zake na kuwabana wauza matangazo, na Meta yenyewe ilikuwa inamwaga mabilioni katika miradi isiyoleta mapato. Hata hivyo, wimbo uliosikika kila mahali ulikuwa mmoja: vijana wamehamia TikTok, kampuni ya wazee haina kesho. Novemba mwaka huo hisa ilishuka chini ya dola 90.

Aliyeuza wakati huo kwa kuamini wimbo huo aliumia. Mwisho wa mwaka 2023 hisa hiyo hiyo ilikuwa imevuka dola 350, na Februari 2024 kampuni ikatangaza gawio lake la kwanza katika historia yake, senti 50 kwa kila hisa. Wateja wake wakubwa ni watangazaji, na mtangazaji wa magari, bima au samani humtafuta mtu mwenye mshahara, nyumba na familia. Mtu huyo hakuwa ameondoka. Aidha, vijana wengi waliotoka Facebook walikuwa wameingia Instagram, ambayo kampuni hiyo hiyo iliinunua mwaka 2012 kwa dola bilioni 1.

Kampuni ya pili ni Snap, yenye programu ya Snapchat, ambayo imewashika vijana kuliko wengi. Iliuza hisa zake kwa umma Machi 2017 kwa dola 17 kila moja. Mwaka 2021 bei ilivuka dola 80, kisha ikaanguka. Vijana hawakuikimbia, watumiaji wake waliongezeka. Lakini kuanzia mwaka ilipoingia sokoni hadi mwaka 2024, kampuni haikupata faida halisi ya mwaka hata mara moja, na mwisho wa mwaka 2024 hisa ilikuwa inauzwa chini ya bei ya toleo. Mwenye hisa aliyesubiri miaka saba alikuwa na vijana wengi katika vitabu vya kampuni, na hasara katika vitabu vyake mwenyewe.

Kuna namba nyingine ya Meta inayofaa kukumbukwa na yeyote anayehesabu vichwa. Katika robo ya mwisho ya mwaka 2021, mtumiaji mmoja wa Facebook wa Marekani na Kanada aliiingizia kampuni zaidi ya dola 60. Mtumiaji mmoja wa kundi linalojumuisha Afrika aliingiza takriban dola tatu na nusu. Wote wawili walihesabiwa kichwa kimoja kimoja.

Fedha za mwana, simu ya mzazi

Msomaji anaweza kusema hayo ni ya Marekani, na Afrika Mashariki ni mahali pengine. Ni kweli, lakini ushahidi wa hapa kwetu unaelekea upande huo huo.

M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na mwaka uliofuata Tanzania, kazi yake kubwa ilikuwa kumwezesha mtu wa mjini kutuma fedha nyumbani. Mtumaji mara nyingi alikuwa kijana mwenye kazi, na mpokeaji alikuwa mzazi. Mzazi hakujifunza kubonyeza namba ya siri kwa sababu alipenda teknolojia. Alijifunza kwa sababu fedha za mwanawe zilikuwa ndani ya simu, na wakala alikuwa karibu kuliko benki. Huduma hiyo ilipita kwenye simu ya kawaida ya vitufe, isiyohitaji intaneti wala macho makali.

Matokeo yake yanaonekana katika hesabu za Safaricom. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022, M-Pesa iliingizia kampuni hiyo zaidi ya Sh. bilioni 107 za Kenya. Data za simu, yaani zile bando ambazo vijana huzimaliza kwa video na muziki, ziliingiza chini ya nusu ya kiasi hicho. Huduma iliyowaunganisha watu wa umri wote ililipa zaidi ya maradufu ya ile ambayo vijana ndio wenye kelele nayo.

Mfano mwingine ni M-Akiba, hati fungani ya Serikali ya Kenya iliyouzwa kwa simu kuanzia Machi 2017. Kima cha chini kilikuwa Sh. 3,000, wakati hati fungani za kawaida zilihitaji Sh. 50,000. Riba ilikuwa asilimia 10 bila kodi. Toleo la majaribio la Sh. milioni 150 lilikwisha haraka, na watu zaidi ya 100,000 walijiandikisha, lakini walionunua kweli hawakufika 6,000. Toleo kuu lililofuata lilitafuta Sh. bilioni 1, likapata chini ya theluthi moja. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na hilo lilichangia. Lakini ikumbukwe kwamba mwaka 2008, hisa za Safaricom zilipouzwa kwa Sh. 5, watu zaidi ya 800,000 waliomba, wengi wao kwa fomu za karatasi na foleni za juani. Urahisi wa simu haukuzaa akiba mahali ambapo akiba haikuwepo, na foleni haikumzuia mwenye akiba kununua alichokiamini.

Tazama pia jinsi intaneti inavyotumika majumbani. Watu wa miaka 35 hadi 60 hawaonekani sana katika video za kucheza, lakini magrupu ya WhatsApp yamejaa wao: ya ukoo, ya vikoba, ya kamati za harusi, ya misiba, ya wazazi wa shule. Humo ndimo michango inapopangwa na fedha zinapotumwa siku hiyo hiyo. Mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo anayetuma picha za mzigo mpya kwa wateja wake wa Mbeya na Mwanza, akapokea fedha kwa simu na kupakia mzigo kwenye basi la usiku, anafanya biashara ya intaneti, hata kama hajui hivyo na hana mfuasi hata mmoja.

Matapeli nao wameielewa hesabu hii. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" hutumwa kwa kila mtu, lakini humnasa mwenye hela ya kutuma.

Hoja ya upande wa pili

Wapo wanaosema kwamba mteja hushikwa akiwa mdogo, na kwamba kijana wa leo asiye na fedha ndiye baba wa kesho mwenye nyumba. Hoja hiyo ina uzito katika nchi zenye watoto wengi kama zetu. Kijana aliyekuwa na miaka 25 wakati M-Pesa inaanza ameshavuka miaka 40, na bado anaitumia.

Lakini swali ni nani anao uwezo wa kusubiri. Kampuni kubwa inaweza kuwalisha vijana kwa miaka 15 kwa fedha inazozipata kwa wazazi wao, kama Meta ilivyofanya na Instagram. Mwenye mtaji mdogo, aliyeweka Sh. 500,000 za ada ya mtoto akitarajia gawio, hana pochi ya pili. Akimngoja kijana akue, ada itakuwa imefika.

Pia hakuna anayesema vijana wasiuziwe. Wananunua bando, vocha, nguo, vipodozi na chipsi, na wananunua kila siku kwa fedha kidogo kidogo. Mwenye biashara ya aina hiyo anawahitaji kwenye intaneti. Mwenye duka la mabati, saruji au mashine za kusaga, ambaye wateja wake ni watu wa makamo, atakuwa anamlipa kijana mwenye wafuasi laki mbili ili awaonyeshe mabati watu wasiojenga.

La kufanya

Kwa anayefikiria kununua hisa, ushauri ni kufungua taarifa ya mwaka ya kampuni kwenye ukurasa wa mapato kabla ya kusoma ukurasa wa watumiaji. Atafute huduma ipi inaingiza fedha, inatumiwa na watu wa umri gani, na kama mapato kwa kila mtumiaji yanapanda au yanashuka. Idadi ya watumiaji ikipanda huku mapato kwa kila mmoja yakishuka, aulize sababu kwa dalali wake wa hisa kabla ya kutoa fedha, na asiridhike na jibu la "vijana ni wengi".

Kwa mwenye duka, kazi ni rahisi zaidi na haihitaji mtaalamu. Kwa mwezi mmoja, kila anayeuliza bei kwa simu au dukani aandikwe mstari mmoja: alipata habari wapi, anaonekana wa umri gani, alinunua au hakununua, na kwa shilingi ngapi. Mwisho wa mwezi ajumlishe fedha kwa kila kundi la umri, aweke pembeni idadi ya waliouliza, kisha aangalie fedha ya matangazo ilikwenda kwa nani. Wengi watakuta waliouliza sana ni kundi moja na waliolipa ni jingine. Wengine watakuta mpwa alikuwa na haki, na redio ndiyo ya kuachwa. Vyovyote itakavyokuwa, jibu litatoka katika vitabu vyao wenyewe. Wahenga walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na walisema hivyo kabla mtu yeyote hajaanza kuhesabu wafuasi.